Mjomba Arudi Darasa la Tatu

9 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba, kwa ile shikamoo yako ya mwezi wa kumi ambayo sikuijibu. Huku kuna baridi kavu, na mabomba ya jikoni yanakohoa asubuhi kama wavuta sigara. Jirani wa chini, yule mama fundi saa niliyekuandikia habari zake, bado anasaga na kugonga mpaka jua linazama. Nasikia goti la mama yako limepata nafuu na kwamba amegombana tena na fundi wa paa. Mpe pole fundi.

Sasa nikuambie jambo. Mwezi wa kumi na moja niliugua. Mshipa mmoja wa kichwani uliziba, nikaanguka pale maktaba, kwenye meza ambayo hata baada ya kustaafu wananiachia niketi nishone vitabu vilivyochanika. Mwili umerudi, isipokuwa mguu wa kulia, ambao naukokota kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Kilichokwenda ni Kiingereza.

Usicheke. Au cheka kwanza, kisha uendelee kusoma. Nilizinduka hospitali, muuguzi akaniinamia akasema kitu, nami nikasikia sauti tu, kama maji ya jirani yanayopita ukutani. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akaita mwenzake. Naye nikamjibu kwa Kiswahili. Wakanitazama kwa huruma, nami nikawatazama vivyo hivyo, maana nilidhani wao ndio waliopatwa.

Daktari alinieleza, kwa msaada wa mkalimani wa kwenye simu, kwamba haya hutokea. Lugha uliyoikuta mdomoni mwako na lugha uliyoisomea ukubwani si lazima ziumie pamoja. Kwangu, moja imebaki nzima na nyingine imezama, na maneno yote ya kununulia mkate, ya kugombania kodi, majina ya gundi na nyuzi na ngozi za kazi yangu, yamezama nayo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi ulimwengu ulinifunza, kisha ukaja kuchukua vitu vyake.

Shida yenyewe ni hii. Mwezi wa Juni atakuja afisa wa idara ya wazee kuona kama naweza kuendelea kukaa peke yangu. Kupika napika, na dawa nakumbuka. Lakini sharti nionyeshe kwamba nikipatwa na jambo naweza kuomba msaada nikaeleweka. Nikishindwa, nyumba hii wanaifunga na mimi wananipeleka kwenye makao ya wazee nje ya mji. Nilimsindikiza rafiki huko. Ni pasafi. Madirisha hayafunguki.

Hospitali wana mtaalamu wa usemi. Ananionyesha picha ya bata, anasubiri. Mimi bata namjua, hata yeye nahisi bata anamjua, lakini hana Kiswahili, kwa hiyo hajui anipitie mlango gani. Wewe unafundisha Kiingereza darasa la tatu, unaijua milango yote. Nifundishe kama unavyowafundisha wale watoto, tangu mwanzo, bila kuniheshimu. Kwa barua, si kwa simu, maana kwenye simu nitakusikia ukinionea huruma.

Na mama yako asijue.

Mjomba wako

*

2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea stoo ya chaki, nikatoka na macho mekundu. Walimu wenzangu wakasema ni vumbi, na mimi nikakubali ni vumbi. Pole sana. Hapa wote wazima. Mapacha wa dada wamenyoana nywele wenyewe, na kwa kuwa kila mmoja alimharibu mwenzake, hakuna wa kushtaki. Mama na fundi wa paa wanaendelea. Paa linavuja hasa pale fundi anapoketi kunywa chai, na Mama amekataa kumhamisha.

Unasema nikufundishe bila kukuheshimu. Hilo somo sijalisomea. Nimezunguka nalo siku nyingi: mwanafunzi wangu mkubwa mpaka sasa ana miaka kumi, na akikosea namwekea alama nyekundu. Wewe ndiye uliyenitumia kamusi yangu ya kwanza, ukaijalidi upya kwa ngozi kwa sababu jalada lake la karatasi hukuliamini. Basi tukubaliane, makosa yako nitayasahihisha kwa kalamu ya kijani. Nyekundu tuwaachie watoto.

Somo la kwanza. Sarufi iache ilale. Mtoto haanzi na kanuni, anaanza na vitu vinavyomkodolea macho. Andika majina ya vitu vya nyumbani, uyabandike juu yake: "door", "window", "kettle", "table". Kila ukikigusa kitu, kiite kwa sauti, umwambie mtu asiyekuwepo: "This is the door." Kikiwa mbali nawe, "That is the window." Hii na ile, basi. Nimekuandikia orodha upande wa pili, na maana zake kwa Kiswahili. Usiruke mbele. Nakujua, utataka kuruka mbele.

Sasa niulize mimi. Kwa nini usirudi nyumbani tu? Hapa hakuna afisa, na Kiswahili chako kinatosha hata kumkaripia fundi wa paa, ambaye anahitaji mtu wa pili.

Mama sijamwambia. Ila stempu ameiona.

Mpwa wako

*

1 Machi

Mwalimu wangu,

Marahaba. Wape pole mapacha, na uwaambie nywele huota, tofauti na vitu vingine. Hapa theluji imeyeyuka, na ngazi zetu zimejaa matope ya viatu vya watu wote ila vyangu.

Nimebandika. Nilikuwa na mabaki ya karatasi nzuri ya majalada, nikaikata vipande, juu nikaandika Kiingereza kwa wino mweusi, chini Kiswahili kwa bluu, maana nikiandika Kiingereza peke yake najikuta nasoma herufi bila kujua nimebandika nini. Nyumba inafanana na duka siku ya mnada. Hata birika lina cheti.

Nikueleze niliyoyaona, kwa sababu ugonjwa huu, ukiuondolea uchungu, una mengi ya kuchungulia. Maneno hayarudi kwa foleni. "Table" nilimwita kila siku asije. Lakini juzi niligonga kabati kwa bega, na kabla sijafikiri nikaliomba radhi: "Sorry." Neno lilitoka lenyewe, limeiva, na lafudhi yake yote ya huku. Nikabaki nimesimama mbele ya kabati kama watu waliokutana baada ya miaka. Inaonekana adabu niliiweka chumba kingine, ambacho ugonjwa haukukifikia.

Halafu kuna hivi vijineno vyenu viwili, "a" na "the". Zamani nilivitumia bila kuvitazama. Sasa navitazama. Kama nimekuelewa, "a" ni kitu chochote kati ya vingi, na "the" ni kile tunachokijua sote wawili. Nimezunguka nyumba nzima na sikupata pa kuweka "a". Birika moja, kitanda kimoja, mlango mmoja. Mtu anayeishi peke yake kila kitu chake ni "the".

Na wanavyopanga sifa! Sisi tunaleta kitabu kwanza, kisha tunasema ni kikubwa, cha zamani, chekundu. Wao wanakuletea ukubwa, uzee na wekundu, na wewe umesimama na mikono wazi hujui utapokea nini. Nilifanya kazi kwa lugha hii miaka yote hiyo na sikuwahi kuona kwamba ni lugha ya watu wenye subira.

Jirani wa chini alipanda kunirudishia saa ya ukutani. Akaziona karatasi. Yeye naye si wa huku. Alikuja utu uzimani kumfuata bintiye, binti akahamia mji mwingine, mama akabaki na saa zake. Kiingereza chake ni cha kuombea mkopo wa chumvi. Aliinua nyusi kuuliza hizi karatasi ni za nini, na mimi, mwalimu wangu, sikuweza kumwonyesha kwamba mzee aliyeshinda vitabuni maisha yake yote anajifunza neno "mlango". Nikajigusa kifua, nikaonyesha karatasi, nikamwonyesha yeye, kisha nikaitikia kwa kichwa kama mwalimu mkuu anayepokea mwanafunzi. Akafikiri. Akaketi. Akavaa miwani.

Kwa hiyo nina mwanafunzi.

Kuhusu swali lako la mwisho, chai yangu inachemka, na zoezi langu liko ndani ya bahasha.

Mjomba

*

28 Machi

Mjomba, shikamoo.

Chai yako inachemka kwa muda mrefu sana.

Zoezi limerudi na kijani chake. Umefanya vizuri kuliko nusu ya darasa langu. Kosa ni moja, limejirudia mstari hadi mstari: jirani yako umemwandika "he" kuanzia juu hadi chini. Watoto wangu wote hufanya hivyo. Sisi "yeye" wetu hamuulizi mtu mlangoni kama ni mwanamume au mwanamke, anamkaribisha tu. Kiingereza hakikuruhusu kumtaja mtu mara ya pili mpaka umeamua. Basi jirani ni "she". Na huyu "she", Mjomba, anapanda ngazi mara ngapi kwa wiki? Nauliza kwa ajili ya somo.

Pembeni ya zoezi uliuliza kuhusu "do" kwenye maswali, kwamba haifanyi kazi yoyote na bado iko. Mchukulie ni bawabu. "Do you live here?" Yeye haishi hapo wala haulizi chochote, amesimama mlangoni kukujulisha kwamba nyuma yake kuna swali. Ukimwona, jiandae.

Sasa habari ya nyumbani. Mama amejua. Mama yangu hahitaji kufungua barua ya mtu, anasoma uso wa aliyeisoma. Alinikuta nakukosoa zoezi, akaniuliza ni mtoto gani wa darasa la tatu mwenye mwandiko wa kaka yake. Nikamwambia yote: mshipa, mguu, afisa, makao ya wazee. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea mpaka vikaisha, akachukua na kimoja kilichokwisha kumenywa, akaanza kukimenya tena. Kisha akasema, bila ukali:

"Unamfundisha asirudi."

Akatoka nje. Siku ile fundi wa paa aliambiwa amefanya kazi nzuri, na alitishika sana.

Tangu hapo amekitoa vitu chumba kinachotazama barabara, amekipaka rangi. Hasemi ni cha nani. Nami kila nikishika kalamu ya kijani nasikia ile sentensi yake, maana kila neno ninalokupa linakufungia mlango wa huku. Nimeendelea kwa sababu uliniomba. Lakini nimekuuliza mara moja, na sasa nauliza mara ya pili: kwa nini usirudi?

Somo la sasa ni amri. Kila Ijumaa darasani kwangu watoto ndio wanaoniamrisha: "Stand up. Open the door. Bring the chalk." Nikielewa natii, wakikosea nabaki kama mti. Hakuna somo wanalolishika upesi hivyo, maana hakuna mtoto asiyependa kumsimamisha mwalimu wake. Tafuta mtu wa kumwamrisha. Nadhani unaye.

Mpwa wako

*

22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Usijali mwandiko, meza imelegea.

Ijumaa yako imefika hapa. Jirani hupanda akishafunga kazi, tunaketi, na mmoja anamwamrisha mwenzake akisoma kwenye karatasi. Nilianza mimi: "Open the window." Akafungua. "Close the window." Akafunga. Nilijiona nimepata ufalme. Kisha ikawa zamu yake. Akaweka miwani vizuri, akavuta pumzi, akasema, taratibu na kwa lafudhi ambayo sijapata kuisikia duniani:

"Fungua mlango."

Nilidhani ananichezea. Nikamwonyesha mstari mweusi. Akatikisa kidole, akaweka kucha kwenye mstari wa bluu, akarudia: "Fungua. Mlango." Ndipo nikaelewa. Tangu siku ya kwanza amekuwa akijifunza bluu. Tazama kwa macho yake, nawe utaona hana kosa: mzee mgeni anabandika nyumba nzima lugha yake, na kwa heshima ya wenyeji anaweka Kiingereza juu yake ili mwanafunzi apate maana. Amesoma karatasi zangu kwa bidii ya mtu anayehesabu meno ya gurudumu la saa. Anajua birika, kabati, pazia, sabuni. Anajua "kaa chini" na "usisahau dawa".

Ningemweleza ukweli, lakini kumweleza kulihitaji kile Kiingereza ambacho ndicho nilichokosa. Na alikuwa amefurahi. Nikafungua mlango.

Tangu hapo tunakwenda hivi: mimi namwamrisha kwa Kiingereza, yeye ananiamrisha kwa Kiswahili, na nadhani kila mmoja anamwona mwenzake mwanafunzi mzuri. Umenitania kuhusu ngazi. Sijibu utani wa mpwa.

Nina ombi. Juni si mbali. Majina ya vitu ninayo mengi, amri ninazo, lakini sina namna ya kusema kwenye simu kwamba nimepatwa na jambo: mimi ni nani, nakaa wapi, nimefanya nini, njooni. Nitumie somo hilo mapema, nilikariri hata kama silielewi. Afisa ataliuliza.

Chumba kinachotazama barabara kilikuwa cha kelele. Mwambie mama yako asihangaike na rangi.

Mjomba

*

9 Juni

Mjomba, shikamoo, na nisamehe kama barua hii imekufikia imechelewa, maana imechelewa.

Somo uliloomba nililiandika mara nilipopata barua yako, tarehe tano mwezi uliopita. Nilifurahi nalo. Mama alikuwa anakwenda sokoni akasema nimpe, posta iko njiani. Nikampa. Leo nimefungua mkoba wake kutafuta ufunguo, nikaikuta bahasha, imekunjwa katikati ya dawa ya goti na kitambaa.

Nilimuuliza. Hakukana. Alisema alikuwa anaitafutia siku nzuri ya kuipeleka. Nikamwambia afisa anakuja mwezi huu, na kama Mjomba hana maneno hayo atapelekwa mahali ambapo dirisha halifunguki. Alisema hapana, akikosa maneno atakuja kwake. Alikuwa amelipanga hivyo, Mjomba: ukishindwa huko, umefaulu huku. Na usiniulize kama na mimi sikuwahi kuliwaza.

Halafu akaniuliza kama ulikuwa unalia ulipokuwa mdogo, kana kwamba ni mimi niliyelelewa nawe. Nikasema sijui. Akasema, "Hakuwa analia. Alikuwa akiumia anajificha nyuma ya ghala mpaka maumivu yamwishe, na sisi tunamtafuta." Kisha akavaa viatu, akachukua bahasha zote mbili, ile na hii, akaenda posta mwenyewe. Nimemfuata mpaka dirisha la posta, ninapomalizia mistari hii kabla bahasha haijafungwa. Amenunua stempu nyingi kuliko inavyohitajika.

Somo liko ndani ya ile bahasha nyingine: "I have fallen. I live at", kisha nyumba na mtaa, kisha "Please come." Liseme kwa sauti mpaka lichoshe.

Na meza ya fundi wa kujalidi vitabu hailegei. Mwandiko wako ulikuwa unapanda kilima. Ulianguka?

Mpwa wako

*

20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Bahasha zako mbili zimefika leo pamoja. Afisa alikuja tarehe kumi na mbili.

Nianze kwa kusema simlaumu dada yangu. Mtu anayetaka kukupata akakosa njia, hata mkoba ni njia. Msimkaripie.

Afisa alikuwa dada wa rika lako, mpole, mwenye begi la mgongoni. Nilimpitisha nyumbani kama mtalii. "This is the kettle. The medicine is in the box. The box is on the shelf." Hili la "in" na "on" nilijivunia, maana sisi tukishasema mezani tumemaliza, mwenzetu atajua ni juu au chini, wao hawalali mpaka wajue. Alitabasamu, akaandika. Aliponiuliza swali nilimwona bawabu wako amesimama mlangoni, nikajiandaa, nikajibu. Nilidhani tumefika.

Kisha akanipa simu isiyo na uhai, akanionyesha kwa mikono kwamba nimeanguka, nipo chini, nipige.

Nikashika simu. Nikasema "I". Nikasema tena "I". Nyuma ya hilo hapakuwa na kitu. "Mimi" peke yake si sentensi, katika lugha yoyote. Nilimwona anashusha macho kwenye karatasi zake, si kwa ubaya, kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asiamshe watu, na nikaona dirisha lile lisilofunguka.

Basi nilifanya nilichokuwa nacho. Niliweka simu mezani, nikaukokota mguu mpaka mlangoni, nikafungua, nikaita kwenye ngazi kwa sauti yangu yote:

"Jirani! Nimeanguka!"

Nikasikia kiti kinasukumwa chini. Akapanda na ile lenzi ya saa bado jichoni, koleo dogo mkononi, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Akanikuta nimesimama wima mlangoni. Haikumzuia. "Umeanguka wapi?" akasema. "Kaa chini. Kaa!" Akanisukuma kitini, akanishika mkono kutafuta mapigo, akanitazama uso upande na upande kama anavyotazama saa iliyoletwa na mwenye haraka. Alipotosheka ndipo akamwona mgeni.

Afisa alimuuliza mambo. Walizungumza Kiingereza chao, nusu mikono, na mimi nilishika neno moja moja. Alimuuliza hiyo ni lugha gani. Jirani akamjibu kwa fahari kwamba ni yangu, akaonyesha karatasi, kisha mimi. Hapo nilielewa sentensi nzima bila kujitahidi: "He is my teacher." Afisa akampa ile simu isiyo na uhai, akamwambia afanye kana kwamba nimeanguka kweli. Jirani akapiga. Alitaja nyumba, mtaa, ghorofa, na akamwambia huyo mtu asiyekuwepo aje upesi, mzee ameanguka. Akaongeza kwa hiari yake kwamba dawa iko ndani ya boksi juu ya rafu.

Karatasi ya majibu imekuja jana. Nabaki. Wataweka kengele kati ya nyumba yangu na yake, na mwakani watakuja kutazama tena.

Sasa nijibu maswali mawili niliyokuwa nayapikia chai.

La kwanza. Ndiyo, nilianguka, mwezi wa nne, bafuni. Niliita kwa lugha iliyokuwepo. Jirani hakuelewa neno, alielewa sauti, akapanda. Nilipopata nguvu alinidai nimwambie nilisema nini. Nikamwambia. Akataka karatasi, akaniamuru niandike, akaibandika yeye mwenyewe kwenye mlango wake wa ndani. Sikukuandikia kwa sababu mwenye kuanguka akisema mapema, watu humnyanyua mpaka mahali asipotaka.

La pili. Umeuliza mara mbili kwa nini nisirudi, na mama yako ameuliza kwa rangi ya chumba. Si kwamba siwapendi. Wala si kwamba napenda baridi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni msemo mzuri kuliko watu wanavyodhani: jembe ndilo linalomgeuza mgeni kuwa mtu wa nyumbani. Mimi nikija na mguu huu, hakuna atakayenipa jembe. Siku ya tatu mtaniletea mto. Siku ya kumi mtaniletea mto mwingine. Mtanipenda, na nitakuwa mgeni mpaka nife. Hapa hakuna anayenipenda sana, labda mmoja, lakini kuna vitabu vinavyochanika kila wiki na mtu anapanda ngazi kujifunza neno "pazia". Nina jembe.

Msomee na mama yako. Yote.

Mjomba

*

14 Julai

Mjomba, shikamoo.

Tumefurahi mpaka mapacha wametuuliza nani ameolewa. Sote wazima. Kuna baridi kidogo asubuhi, na mimi nina mwanafunzi mpya, nitakueleza.

Nilimsomea Mama barua yako jikoni. Alicheka pale kwenye kandambili moja. Pale bafuni alisema, "Nyuma ya ghala tena," basi. Nilipofika kwenye jembe akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie polepole. Kisha akaondoka, akaenda kukaa kwenye kile chumba alichokipaka rangi. Nilimsikia anafungua dirisha na kulifunga, anafungua na kulifunga.

Asubuhi alinikuta nashika mkoba kwenda kazini. Akavaa kitambaa kichwani, akasema leo ni Ijumaa, tunakwenda wote. Nikafikiri anataka kunisindikiza. Akaingia darasani, akaketi dawati la nyuma karibu na dirisha, magoti yakagusa kidevu. Watoto wakamwamrisha: "Stand up." Akawatazama. Akawaambia goti lake halijui Kiingereza, waanze na kitu kingine. Wakaanza na mkono.

Amekwenda Ijumaa mbili sasa. Ana sentensi moja anayoitaka na hataki nyingine, anaisema kwa fundi wa paa, kwa muuza mboga, kwa kila mtu: "I am going to my brother." Nimemwambia afisa wa uwanja wa ndege atamuuliza na mengine. Anasema hiyo moja ikimtosha yeye, itamtosha na afisa.

Picha za pasipoti amepiga, hazipendi, anasema zimemfanya afanane na wewe. Nilimuuliza atakaa huko muda gani, na nikamkumbusha kwamba wewe ni mgonjwa, asiende kukupangia nyumba. Hapo ndipo aliponipa ujumbe wako, na ameniagiza niuandike kama alivyousema, nisiutie maua:

"Mwambie safari hii mgeni ni mimi. Siku ya tatu anipe jembe."

Mpwa wako